MSIMU WA SOKO UNAKWISHA: HESABU KABLA YA KUUZA GUNIA LA MWISHO



Ukipita katika soko la Suna, hapa Migori, mwezi huu wa Novemba, utaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba magunia yamepungua. Mwezi wa Agosti na wa Septemba yalikuwa yamepangwa kama ukuta, na malori yakingoja kupakia. La pili ni kwamba wauzaji hawakupungua. Bado wapo wengi, lakini sasa mtu haleti gunia. Analeta debe, au nusu debe, au gorogoro nne ndani ya mfuko mdogo. Ukiona hivyo ujue kwamba msimu wa kuuza mavuno ya masika unakaribia kwisha, na kwamba watu wameanza kuuza chakula chao wenyewe.

Neno langu la mwezi huu ni hilo. Sitaki kumkataza mtu kuuza. Mkulima hulima ili ale na auze. Nataka tuhesabu kwanza, kisha tuuze. Maana gunia la kwanza linalotoka nyumbani kwako ni biashara, lakini gunia la mwisho laweza kuwa ni njaa ya mwezi wa Mei.

SOKO LISILO NA MLANGO

Katika nchi za baridi, kama sehemu nyingi za Marekani na Kanada, masoko mengi ya wakulima hufungwa Oktoba au Novemba. Baridi inaingia, theluji inaanguka, mashamba hayazai tena. Watu hutangaziwa siku ya soko la mwisho, na kila mkulima anajua kwamba asipouza siku hiyo atangoja mwaka ujao. Kwa hiyo hupanga mambo yake mapema.

Soko letu halina mlango wa kufungwa. Ukija Januari utakuta watu, ukija Aprili utakuta watu. Omena zipo, ndizi kutoka Kisii zipo, viazi vitamu vipo. Kwa hiyo mwisho wa msimu hutupita bila kutuonya. Mtu hutambua kwamba msimu umekwisha siku anapokwenda sokoni na kikapu kitupu kununua kitu kile kile alichouza miezi michache iliyopita.

Tena sisi wakulima wa skimu yatupasa kuangalia zaidi kuliko wengine. Familia nyingi zilizopewa mashamba katika skimu, kama zile za Bonde la Lambwe katika miaka ya 1960, zilitoka sehemu mbalimbali. Mtu aliyekaa katika ardhi ya babu zake huweza kwenda kwa mjomba akakopa debe. Mtu wa skimu mara nyingi jirani yake ni mgeni kama yeye, na siku ghala lake likiwa tupu, la jirani nalo ni tupu, maana walipanda siku moja na waliuza siku moja.

KWA NINI BEI HUSHUKA NA KUPANDA

Hapa kwetu Nyanza ya Kusini tunapanda mahindi ya masika, yale ya chwiri, Februari na Machi, na kuvuna Julai na Agosti. Mahindi ya vuli, yaani ya opon, tunayapanda Agosti na Septemba, na kuyavuna karibu na Krismasi au Januari. Mavuno ya masika ndiyo makubwa. Ya vuli hutegemea mvua ambayo mara nyingine huja na mara nyingine hukataa.

Basi Agosti kila nyumba ina mahindi na kila nyumba ina shida ya fedha. Wote huenda sokoni pamoja. Vitu vikiwa vingi na wauzaji wakiwa na haraka, mnunuzi hana haja ya kuongeza bei. Akikataliwa na huyu, huenda kwa yule.

Kuanzia Oktoba, wenzetu wa Trans Nzoia na Uasin Gishu nao huanza kuvuna. Huko hulimwa mahindi mengi kuliko sehemu nyingine za Kenya, na wao huvuna mara moja tu kwa mwaka. Mahindi mengine huvuka mpaka kutoka Tanzania kwa njia ya Isebania, na kutoka Uganda kwa njia ya Busia. Kwa hiyo mkulima wa Suna asidhani kwamba akingoja Novemba au Desemba bei itakuwa imepanda sana. Mara nyingi bado.

Halafu inakuja Januari. Shule zinafunguliwa. Kila mzazi anatafuta karo, sare na vitabu, na njia aliyo nayo ni gunia. Hapo tunarudia lile la Agosti: wote sokoni pamoja, wote na haraka.

Mwezi wa Aprili, wa Mei na wa Juni mambo hugeuka. Mahindi ya masika yako shambani, mabichi. Ghala nyingi zimekwisha. Sasa mwenye haraka si muuzaji bali ni mnunuzi, na mwenye haraka daima hulipa zaidi.

ZAMANI BEI ILIKUWA MOJA

Wazee wetu wengi wana desturi ya kuuza mara tu wakivuna, na vijana huwacheka. Yafaa tujue desturi hiyo ilitoka wapi, maana haikutokana na ujinga.

Mwaka 1935 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uuzaji wa mazao ya Waafrika. Mazao yalitakiwa kuuzwa katika masoko yaliyotajwa, kwa wanunuzi wenye leseni. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ikashika biashara ya mahindi mkononi mwake. Baada ya Uhuru, mwaka 1966, ikaundwa Bodi ya Mahindi na Mazao, na mwaka 1979 bodi hiyo ikaungana na Bodi ya Ngano ikawa Bodi ya Nafaka na Mazao tunayoijua.

Kwa miaka mingi bei ya Bodi ilitangazwa na serikali, nayo ilikuwa moja kwa msimu wote. Aliyepeleka gunia lake mapema na aliyelipeleka miezi mitano baadaye walilipwa sawa. Kadhalika, mtu hakuruhusiwa kusafirisha mahindi mengi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali. Ni kweli kwamba wakulima wengi wadogo walikuwa mbali na ghala za Bodi na wakauza kwa wachuuzi. Lakini kwa yule aliyeuza kwa Bodi, kuweka mahindi nyumbani kulikuwa ni hasara tupu: fukusi wanakula, panya wanakula, na bei haiongezeki hata senti moja. Aliyeuza mara moja alikuwa na akili.

Mwishoni mwa mwaka 1993 amri hizo za kuzuia biashara ya mahindi ziliondolewa. Bodi bado ipo, na hununua na kuweka akiba ya nchi, lakini bei ya sokoni hufuata wingi wa mahindi na haja ya watu. Tangu hapo mkulima ana vitu viwili vya kuuza: mahindi, na wakati. Anayeuza Agosti anauza mahindi peke yake. Anayeweza kungoja mpaka Mei anauza mahindi na miezi tisa ya kungoja. Desturi ya zamani inafuatwa bado, ingawa sababu yake imekwisha kuondoka.

MZEE NA MAGUNIA MANANE

Majuzi mzee mmoja alikuja afisini. Bado huniita mwalimu, kwa kuwa nilimfundisha mjukuu wake kabla sijaingia kazi hii ya ukarani.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja na swali moja. Niuze au nisiuze?"

"Jaduong', una magunia mangapi?"

"Manane."

"Na watu wangapi hula katika chungu chako?"

Akahesabu kwa vidole. "Saba, tukiwa wote."

Nikachukua karatasi, tukafanya hesabu pamoja. Nawe fanya yako, ukiweka tarakimu za nyumba yako.

Hesabu nyepesi ni hii: mtu mmoja hula mahindi karibu gunia moja la kilo 90 kwa mwaka. Hiyo ni kilo 7 na nusu kwa mwezi. Watu 7 ni kilo 52 na nusu kwa mwezi. Sasa, mavuno yanayofuata ambayo twaweza kuyategemea ni yale ya masika. Kutoka mwanzo wa Desemba mpaka mwisho wa Julai ni miezi 8. Zidisha 52 na nusu kwa 8, utapata kilo 420. Magunia manne ni kilo 360, hayatoshi. Magunia matano ni kilo 450, yanatosha, na zinabaki kilo 30 kwa ajili ya wageni, matanga na wadudu.

Basi mzee ana magunia matano ya kula na matatu ya kuuza. Akaniuliza juu ya mahindi yake ya vuli yaliyo shambani. Nikamwambia, "Jaduong', hayo usiyahesabu. Kilicho shambani ni cha mvua. Kikiingia ghalani ndipo kitakuwa chako." Kama atayapata Januari, yatakuwa nyongeza. Asipoyapata, hatalala njaa.

Nyumba yenye mtama, muhogo au viazi vitamu vya kutosha huweza kupunguza kidogo fungu la mahindi ya chakula. Lakini afadhali kukosea kwa kuweka zaidi kuliko kukosea kwa kuuza zaidi.

HASARA YA KUNUNUA ULICHOUZA

Labda utasema: nitauza yote sasa, na nikiishiwa nitanunua. Tuipime kauli hiyo kwa hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Wewe tia bei ya soko lako.

Tuseme leo gunia lanunuliwa kwako kwa shilingi 2,700. Gunia la kilo 90 lina gorogoro 45 za kilo mbili mbili. Kwa hiyo umeuza gorogoro moja kwa shilingi 60. Mwezi wa Mei huna fedha za kununua gunia zima. Unanunua gorogoro moja moja, nayo tuseme imefika shilingi 100. Gorogoro 45 ni shilingi 4,500. Gunia ulilouza 2,700 umelinunua tena kwa 4,500. Umepoteza shilingi 1,800.

Kama uliuza hivyo magunia matatu ya chakula, hasara ni shilingi 5,400. Sasa tazama: shilingi 5,400 ni bei ya magunia mawili kwa bei ya leo. Ni kama kwamba uliyabeba magunia mawili mpaka darajani ukayamwaga katika mto Migori. Na hukumwona mtu aliyekuibia, maana kila siku ilitoka gorogoro moja tu.

Jambo hili nalijua nyumbani kwetu. Mwaka mmoja, nilipokuwa darasa la sita, baba aliuza karibu mahindi yote baada ya Krismasi apate karo ya kaka yangu. Hakuwa mlevi wala mvivu. Karo ilitakiwa na kaka hakufukuzwa shule. Lakini kufika Mei mama alikuwa akienda sokoni kila Jumamosi na gorogoro tupu, na bei ilikuwa mara mbili ya ile tuliyouzia. Siku nyingine alirudi na nusu. Wiki ya tatu aliniambia nibaki nyumbani nimsaidie kuchimba vibarua kwa watu tupate unga. Karo ya mtoto mmoja ilimtoa mtoto mwingine darasani. Nilikosa majuma manne.

Nikimkumbuka baba, simlaumu. Hakuna mtu aliyekaa naye na karatasi.

MAFUNGU MATATU

Kwa hiyo, kabla ya soko la mwisho la mwezi huu, baba na mama wa nyumba wakae pamoja. Nasema wote wawili, kwa sababu mara nyingi mama ndiye ajuaye ni gorogoro ngapi zinazosagwa kwa juma, na baba ndiye aliyefunga ahadi na mwenye lori. Wagawe mavuno mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la chakula. Hesabu yake mmekwisha kuiona. Yaandikwe alama magunia yake, na mtu asiyaguse kwa ajili ya soko.

Fungu la pili ni la shamba. Februari si mbali. Eka moja ya mahindi yataka mbegu kilo 10, na kwa kawaida mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia na mwingine wa mbolea ya kukuzia. Usitegemee kupanda tena mahindi ya ghalani yaliyotokana na mbegu ya dukani ya haibridi. Mazao yake hupungua. Njugu na maharagwe waweza kuchagua mwenyewe mbegu nzuri na kuziweka mbali, maana ukiziacha pamoja na za kula zitaliwa.

Fungu la tatu ni la soko. Hili ni lako, liuze bila wasiwasi. Lakini usiliuze lote siku moja. Hakuna mtu ajuaye hakika bei ya Mei. Mwaka mwingine vuli huwa njema, au mahindi huruhusiwa kuingia kwa wingi kutoka nchi za nje, na bei haipandi kama ulivyotumaini. Ukiuza sehemu sasa, sehemu Februari au Machi, na sehemu Mei, hutapata bei ya juu kabisa kwa yote, lakini hutapata bei ya chini kabisa kwa yote pia.

Mzee wangu aliamua hivi: gunia moja Januari kwa ajili ya karo, moja Februari kwa mbegu na mbolea, na moja lingoje Mei. Karo ilikuwa bado haitoshi. Hapo ndipo tukazungumza juu ya viazi.

UZA KWANZA KINACHOOZA

Hii ni kanuni ambayo ningependa kila mkulima aiandike mlangoni. Kitu kinachooza kiuzwe kwanza. Kitu kinachokaa kikae. Mara nyingi sisi hufanya kinyume. Tunauza mahindi, ambayo yangekaa mpaka Juni, na kuacha viazi vitamu viliwe na fukusi wa viazi ardhini wakati wa kiangazi, na ndizi ziive zikaanguke.

Tazama shambani mwako kabla ya kutazama ghalani. Viazi vitamu vilivyokomaa, ndizi, nyanya, mboga, mayai, jogoo wasiohitajiwa: hivyo vyaweza kuleta sehemu ya karo bila kugusa fungu la chakula. Sukuma wiki na mboga za kienyeji, kama osuga na dek, huwa na bei nzuri Januari na Februari, wakati jua limekausha bustani za watu. Mwenye shamba karibu na mto Migori au mto Kuja aweza kumwagilia bustani ndogo, lakini alime mbali na ukingo kama sheria itakavyo, mto usije ukachukua udongo wake.

Mzee ana robo eka ya viazi vilivyo tayari. Alikuwa hajaviweka katika hesabu, kwa sababu, alisema, "hivyo ni vya mama." Nikamwomba akazungumze na mama.

AKIBA HAIOZI, LAKINI MAHINDI MABICHI HUOZA

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema juu ya akiba iliyowekwa vizuri. Kungoja mpaka Mei hakuna faida kama Mei utafungua gunia ukute unga wa fukusi.

Kwanza, kausha. Tandaza mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya ardhi tupu. Nafaka ya kuweka isizidi unyevu wa 13 na nusu kwa 100. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine huzaa sumu iitwayo aflatoksini, isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mahindi yenye ukungu usiyale, usiyauze, wala usiwape kuku au ng'ombe wa maziwa.

Mwenye kukosa chombo cha kupima unyevu aweza kutumia chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi mpaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache robo saa. Kama chumvi imeshika ukutani mwa chupa, mahindi ni mabichi bado. Kama chumvi imeanguka chini yote, unyevu umeshuka chini ya 15 kwa 100; anika siku moja au mbili zaidi ndipo uweke.

Mzee alikuwa na mahindi mkononi, amefunga katika kitambaa. Tulijaribu pale pale juu ya meza. Chumvi ilishika chupa mpaka juu. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe nilitaka kungoja Mei na mahindi ambayo yasingefika Februari." Akaenda zake kuanika.

Pili, zuia wadudu. Fukusi twawajua tangu zamani. Lakini yuko mwingine mbaya zaidi, ambaye Watanzania humwita dumuzi, na hapa wengine humwita Osama. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 akaonekana Taveta. Huyu huweza kugeuza gunia kuwa vumbi. Dero za wazee wetu zilizofumwa kwa fito zilikuwa nzuri kwa hewa, lakini hazimzuii.

Njia iliyo rahisi siku hizi ni mifuko isiyopitisha hewa. Ndani ina mifuko ya plastiki mizito, na nje gunia la kawaida. Jaza mahindi makavu, kamua hewa, funga kila mfuko peke yake kwa nguvu. Wadudu walio ndani hukosa hewa wakafa, na huhitaji dawa. Mfuko usipotoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja. Usiufungue kila siku. Toa mahindi ya mwezi mzima mara moja, kisha funga tena. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wasipate njia. Wenye kutumia dawa ya unga wafuate maandishi ya pakiti kwa kipimo na kwa siku za kungoja, na wanunue katika duka lililosajiliwa.

KIPIMO NA UMOJA

Siku za mwisho wa msimu ndizo siku za vipimo vibaya. Mwenye haraka hatazami. Gorogoro iliyopondwa kitako ni ndogo. Gorogoro inayojazwa mpaka kilele kwa mkono ni kubwa kuliko kilo mbili. Ukimuuzia mchuuzi kwa kilele na ukanunua kwake kwa usawa wa mdomo, umeibiwa mara mbili. Kadhalika lumbesa, lile gunia lililoongezewa kofia ya wavu: bei ni ya gunia moja, mzigo ni wa gunia na nusu. Kanuni za mwaka 2019 zimezuia viazi mviringo kufungwa zaidi ya kilo 50, na akili ni ile ile kwa mazao mengine. Uza kwa mizani. Kilo haina kilele wala kofia.

Tena si lazima kila mtu auze peke yake. Wakulima kumi wenye magunia matatu matatu wana magunia thelathini. Kundi kama hilo laweza kununua mizani yake, kuita mnunuzi aje shambani, na kukataa bei mbaya bila kuogopa. Pia iko Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2019. Kwa sheria hiyo mkulima au kundi huweka nafaka kavu na safi katika ghala lililothibitishwa, hupewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo yaweza kuwa dhamana ya mkopo. Maana yake ni kwamba mtu aweza kupata fedha za Januari bila kuuza mahindi yake kwa bei ya Januari. Muulizeni Bwana Shamba wenu au afisa wa ushirika ghala lipi lililo karibu, na gharama zake, kabla ya kupeleka kitu.

LA KUFANYA JUMA HILI

Mali bila daftari huisha bila habari. Chukueni daftari la mtoto, ukurasa mmoja tu, muandike: magunia yaliyopo, watu wanaokula, miezi mpaka Julai, magunia ya chakula, fedha za mbegu na mbolea, karo, vitu vinavyooza ambavyo vyaweza kuuzwa kwanza, na yaliyobaki ya soko. Kama hesabu inawashinda, mpeni mtoto wa shule aifanye. Ndiyo kazi tuliyompelekea shule. Kisha jaribuni chupa ya chumvi kabla ya kufunga gunia hata moja.

Na kama hesabu yaonyesha kwamba chakula hakitoshi hata sasa, afadhali mjue Novemba kuliko Mei. Novemba bado mahindi ni rahisi kidogo. Mwenye kuuza mbuzi leo akanunua gunia moja atakuwa amenunua kwa bei ya mwenye subira.

Jana mzee alinipigia simu. Mahindi yameanikwa siku ya tatu, na safari hii chumvi imeanguka chini yote. Viazi vya mama vimeuzwa, kwa mizani. Na lile gunia la Januari, alisema, huenda nalo likangoja Mei.